Maziwa ya Bihogo Motoni

Mtoto wa mdogo wangu, anayeishi Kayanga, ana mashine ya umeme ya kuokea ile mikate ya vyumbavyumba ambayo vijana huiita wafo. Anamimina uji wa unga, anafunika, taa nyekundu inageuka kijani, na kabla hujamaliza kumsengenya mtu mmoja mikate imeiva. Jumapili moja niliamkia kwake, na harufu ya siagi na maziwa yanayoanza kushika rangi ikanifuata mpaka chumbani. Nikabaki nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Shangazi, unaumwa?" akaniuliza toka mlangoni.

Nikamwambia siumwi, aende akaangalie mikate yake isiungue. Maelezo yangekuwa marefu kuliko kifungua kinywa chenyewe, na watoto wa siku hizi ukifika katikati ya habari wameshachukua simu. Basi nawaeleza ninyi wa rika langu, ambao mkisikia neno maziwa mnakumbuka kwanza moshi wa majani ya kufukizia vyombo.

Kwetu ni upande wa Nyakakika, mahali ambapo migomba inaishia na nyika ya malisho inaanza. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi Koku, na Bibi mzaa baba. Baba hakuwa mtu wa kuonekana sana. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Kyerwa, kwenye machimbo ya madini ya bati, na alikuja nyumbani kwa kuchungulia tu, analeta sukari na chumvi, anacheka na mimi, anaondoka. Nyumba ilikuwa ya Bibi. Alikuwa mrefu, mwembamba, macho yameshaanza kuingia ukungu, na shavuni hakukosa buni ya kahawa anayoitafuna taratibu.

Bibi alikuwa wa watu wa ng'ombe. Baba yake alikuwa na kundi ambalo, kwa maneno yake, likinywa maji mto ulipungua. Kisha sotoka, ule ugonjwa wa kumaliza ng'ombe, ikapita, na kundi likaisha kama umande. Kilichobaki mpaka enzi zangu kilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu wa damu ya mzee, mwenye pembe ndefu. Jina lake Bihogo. Naye alikuwa amezeeka. Ndama wake wa mwisho, dume lililokwisha kuhasiwa, alishaota pembe na bado tulimvuta karibu asubuhi ili mama yake aachie maziwa. Hakuna aliyetegemea kwamba Bihogo angezaa tena, lakini maziwa kidogo alikuwa nayo, na Bibi aliyapokea kila asubuhi kama mtu anayepokea ujumbe toka kwao.

Mama alitoka Nyaishozi, kwa watu wa migomba na kahawa, watu wa kanisani. Bibi hakumwita jina lake, wala hakumwita mkamwana kama wakwe wengine walivyoitwa. Alimwita "binti wa migombani." Mimi kwa utoto wangu niliona hilo ni jina la sifa, maana ndizi mbivu nilizipenda kuliko kitu chochote. Nilikuwa nikijipitisha mbele ya watoto wa jirani na kuwaambia mama yangu ni binti wa migombani, na mama zao walikuwa wanatazamana.

Katika nyumba ile sheria zilikuwa nyingi, ila moja ilizidi zote: maziwa hayaendi motoni. Yanywewe mabichi, yagandishwe, yasukwe yatoe siagi, sawa. Lakini tone likiungua jikoni, alisema Bibi, titi la ng'ombe linapasuka huko huko aliko malishoni, na likipasuka linaziba. Kwao Mama walitia maziwa kwenye chai, yakachemka, na ng'ombe wa jirani zao hawakufa. Mama alilijua hilo na alinyamaza, miaka yote.

Siku ambayo Baba alirudi moja kwa moja, bwana wake akiwa amekwenda kwao Ulaya, alikuja na mzigo wa vitu alivyoachiwa. Kulikuwa na sufuria mbili, koti lililochakaa viwikoni, na kitu kimoja cha chuma ambacho sikuwahi kuona mfano wake: mabamba mawili mazito yaliyoungana upande mmoja, yana mikono mirefu kama koleo, na ndani yake yamechongwa vijumba vya mraba.

Bibi alikipapasa kwa vidole. "Hii ni chapa ya ng'ombe," akasema. "Lakini ya nani yenye alama nyingi hivi? Ng'ombe atabaki na ngozi kweli? Kipeleke mbali. Bihogo yuko peke yake, nani asiyemjua?"

Baba akacheka mpaka akashika mbavu. "Siyo chapa, Mama. Ni cha kuokea mkate. Unatoka una vyumba."

"Mkate wenye vyumba? Na humo anakaa nani?"

"Asali," akasema Baba.

Nilikuwa nimeisikia habari ya mikate hiyo tangu nianze kuelewa maneno. Kila alipokuja likizo Baba alinieleza jinsi bwana wake alivyoila asubuhi ya Jumapili, jinsi asali ilivyojaa chumba hiki ikamwagikia kile. Sasa chuma chenyewe kilikuwa kwetu, na usingizi uliniruka.

Jumapili yake tukaanza. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, maana Kyerwa Baba alikuwa mpishi lakini kwetu alikuwa mwanamume, na mwanamume kwetu haingii jikoni. Kwa hiyo aliweka kigoda nje ya mlango wa jiko, akakaa akiwa ameupa mlango mgongo, akitazama migomba kwa heshima zote, na kutoka hapo akawa anatoa amri.

"Piga mayai mpaka yatoe povu!"

"Yametoa," anajibu Mama kutoka ndani.

"Bado! Nasikia uma, bado!"

"Baba Koku, unasikia povu kwa masikio?"

"Wewe piga, waitu," anabembeleza kwa kikwetu.

Unga wa ngano alikuja nao. Mayai yalikuwa ya kuku wetu, ambayo kwa mwiko wanawake wa rika la Bibi hawakuyaonja maisha yao yote. Kilichokosekana ni ile poda ya kopo ya kuumulia. Baba akaanza kusikitika pale kigodani kwamba bila poda mkate utakuwa ubao. Mama alitoka, akaenda kwa jirani aliyekuwa ametengeneza pombe ya ndizi, akarudi na povu la juu kwenye kata, akalikoroga kwenye unga na kuuacha karibu na joto. Tulipofunua baadaye ulikuwa umefura na unapumua vitundu. Baba aliruhusiwa kuchungulia. Alitikisa kichwa tu, na nikaona anavyomtazama Mama, nikafurahi bila kujua ninafurahia nini.

Kikombe cha maziwa Baba alikuwa amekimimina mwenyewe kutoka kwenye kyanzi, kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Bibi alidhani anakwenda kunywa. Sijui Baba aliwaza nini. Nadhani miaka ya jikoni kwa mzungu ilikuwa imemfanya asahau, au alijiambia kwamba maziwa yakishaingia kwenye unga si maziwa tena.

Mama alipaka siagi kwenye mabamba, akamimina, akafunga, akaweka juu ya mafiga. Chuma kikalia. Kisha harufu ikatoka. Ilipita mlangoni, ikampita Baba kigodani, ikazunguka nyumba, ikafika barazani alikokuwa Bibi na buni yake shavuni.

Tulisikia fimbo yake kabla ya sauti. Alikuja mpaka mbele ya Baba, akasimama. Alitema buni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Mawe!" akamaka kwa kikwetu, yaani mama wee. "Umempikia Bihogo titi lake?"

"Mama, ni mkate tu."

"Pua yangu haijawa na ukungu. Sikiliza, mwanangu, na mtoto huyu asikie. Bihogo akikauka, huyu binti wa migombani atafunga mzigo wake arudi Nyaishozi, na wewe ndiye utakayemsindikiza. Nimemaliza."

Akaondoka. Mama alikuwa amesimama ndani na mikono ya chuma mkononi, hajui aweke wapi. Baba akamwambia polepole, "Geuza, usiungue." Akageuza.

Tulikula mikate ile, nisiwafiche. Ilikuwa na ukoko wa kahawia nje na laini ndani, asali ya msituni imekaa kila chumba imetulia, na ukiuma chumba kimoja jirani yake anavuja. Nilikula huku nikitamani kulia kwa raha na kwa hofu, na vyote viwili vilipita koo moja. Mama alikula mmoja, akalamba vidole, akasema, "Kumbe." Hilo tu.

Baada ya siku hiyo, nikaanza kuchunguza maziwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba kyanzi kutoka zizini mpaka kwa Bibi baada ya Baba kukamua, na mikono yangu iliujua uzito wake. Mwanzoni haukubadilika. Kisha ukapungua kidogo, nikajidanganya kuwa nimekua na nguvu. Kisha ukapungua tena, mpaka asubuhi moja maziwa yalifunika chini ya chombo tu, na nilipompa Bibi alikitikisa sikioni, akakirudisha.

Usiku huo Baba alisema ni majani, malisho yamekauka. Mama akamjibu, "Mvua imenyesha, Baba Koku. Majani yako magotini." Asubuhi Mama hakuimba wimbo wa kanisani kama kawaida yake wakati wa kufagia. Nikamwona anakunja shuka zake mbili, anaziweka kwenye kapu, anazitoa, anazikunja tena. Hakuwa amefunga mzigo. Alikuwa anajaribu utakavyokaa.

Sijui kama mnakumbuka hofu ya mtoto ilivyo. Mtu mzima akiogopa anaweza kuuliza, kubishana, kwenda kwa mchungaji. Mtoto anaogopa akiwa peke yake, na anatafuta dawa kwenye vitu vilivyo karibu na mkono. Mimi niliona jambo ni rahisi. Bihogo ameungua. Aliyeungua anapakwa mafuta. Basi nikawa nachota siagi kidogo kwenye kibuyu cha kujipaka mwilini, na jioni ng'ombe wanaporudi nikawa nachuchumaa chini ya Bihogo nampaka titi moja baada ya jingine, nayapuliza kabisa ili yapoe. Bihogo alinivumilia. Mara nyingine aligeuza kichwa na pembe zake zile, ananusa nywele zangu, anaendelea kucheua. Sikuona palipopasuka, nikadhani moto umeingia ndani.

Na jioni moja nikapata ushahidi. Nilikuwa nimeegemeza bega kwenye tumbo lake, nikipaka, mara kitu ndani ya tumbo kikanipiga. Nikaruka nyuma. Nikatazama ngozi yake nyekundu, nikaona inainuka, inashuka, inainuka mahali pengine. Moto wa mikate yetu ulikuwa hai humo tumboni, unatafuta pa kutokea.

Nilikimbia moja kwa moja kwa Bibi. Nikiri kwamba siku zile nilimwogopa kuliko nilivyompenda, lakini nilimshika magoti kwa mikono yangu yenye siagi na kumwambia yote kwa mpigo mmoja: kwamba nimempaka Bihogo na haponi, kwamba moto umeingia tumboni unamrukaruka, kwamba anifungie mimi mzigo anipeleke Nyaishozi, Mama abaki.

"Unaruka wapi?" akauliza Bibi.

"Tumboni. Ubavu wa kulia. Umenipiga!"

Alichukua fimbo yake, akaniwekea mkono begani nimwongoze, tukaenda zizini, na sikumbuki kama aliwahi kutembea haraka vile. Alifika kwa Bihogo akamwita jina lake chinichini, akaweka kiganja ubavuni, kisha na kingine, kisha na shavu lake. Nilisimama nikingoja kusikia kwamba mama yangu ameondoka.

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, halafu nikaona na machozi yapo, na mwishowe akakaa chini pale pale kwenye samadi na nguo yake safi.

"Koku," akasema, "huo moto una kwato."

Akaniambia nimwite Baba. Baba akaja mbio, akakuta mama yake amekaa zizini anajifuta macho.

"Unamkamua kila siku toka umerudi," Bibi akamwambia, "na hukujua kwamba ana mimba?"

"Mama," akasema Baba, "mimi ni mpishi."

Ilibidi Bibi acheke tena. Kisha akakumbuka kwamba wakati wa kiangazi Bihogo alipotea nyikani, akalala huko na kundi la watu wengine, na aliporudi Bibi alishukuru tu kwamba chui hakumwona. Hakuwaza dume. Ng'ombe mwenye mimba hupunguza maziwa na kukauka ili amlee aliye tumboni. Kila mtoto wa watu wa ng'ombe analijua hilo, na Bibi alilijua kabla hajaota meno. Lakini macho yake yalikuwa yamemtupa, na moyoni alikuwa ameshamwandalia Bihogo mwisho. Leo nikiwa na umri wake naelewa kitu ambacho wakati ule nilikiona ukali. Kundi zima la baba yake lilikuwa limebaki katika mnyama mmoja, na alisikia harufu ya mnyama huyo ikiungua jikoni. Ningekuwa mimi labda ningesema mabaya zaidi.

Kwa Mama, hata hivyo, hakusema kitu siku ile. Habari ya mimba ilimfikia Mama kupitia kwangu na kupitia kwa Baba, akasema "Mungu asifiwe," lakini kapu liliendelea kukaa pembeni ya kitanda na shuka mbili ndani. Maana Bibi hakuwa ameyafuta maneno yake, na maneno ya mkwe hayajifuti yenyewe.

Bihogo alizaa asubuhi ya ukungu mzito. Nilipofika zizini ndama alikuwa ameshasimama kwa miguu isiyokubaliana, mwekundu kama mama yake, ana doa jeupe kwenye paji. Jike. Bibi alikuwa amemshika shingo, anamkausha kwa majani.

"Kamwite mama yako," akaniambia. Sikumsikia kamwe kabla ya hapo akimtaka Mama zizini.

Mama alikuja akiwa amejifunga vizuri, akapiga magoti pembeni kumwamkia, kama ilivyo heshima. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Bibi akamwambia asogee. Akamchukua mkono, akauweka juu ya shingo ya ndama iliyolowa.

"Huyu ni wako," akasema. "Si wa mume wako, si wa mtoto. Wako. Mtu hafukuzwi mahali penye ng'ombe wake."

Mama alibaki ameshika ndama. Badala ya kushukuru akauliza swali ambalo lilinitoa jasho.

"Na maziwa yake, Mama? Siku akiwa nayo?"

"Ya Bihogo hayatauona moto nikiwa hai," akasema Bibi. "Ya huyu, utaniuliza ya nini? Ukipika, ukimwaga, ukinywa, mwenye ng'ombe ni wewe."

Basi tukasubiri. Mnaofuga mnajua ndama jike anachukua muda gani mpaka naye azae. Chuma kilitundikwa juu ya moshi kikawa cheusi. Baba alipata kazi nyingine ya upishi, mimi nikaanza shule, mdogo wangu akazaliwa, akatambaa, akatembea, na Mama kila asubuhi alikwenda kumtazama mtamba wake, anampapasa ubavu, anarudi anaimba. Sijawahi kuona mtu anayesubiri kwa furaha vile. Nilijifunza hapo kwamba kusubiri kitu ambacho ni chako si mateso hata kidogo, na katika maisha yangu nimesubiri mambo mengi kwa mtindo huo, mengine yamekuja.

Mtamba alizaa. Ndama aliposhiba na maziwa yakasafika, Mama alijaza kyanzi, akachuja, akapiga mayai bila kusubiri amri ya mtu. Mdogo wangu alikuwa ameshika gauni lake, na mimi nilichochea kuni. Bibi alikuwa barazani, sasa haoni kabisa. Hakuomba mkate na hakula, hilo hakulibadilisha. Alikaa tu uso ameuelekeza jikoni.

Chuma kikalia, harufu ikatoka, ikazunguka nyumba kama mara ile. Jirani mmoja mwanamke, naye wa watu wa ng'ombe, alikuwa anapita njiani na mzigo wa majani. Akasimama ghafla.

"Mawe, waitu!" akapaza sauti. "Nani huyo anapika maziwa hapo kwenu?"

Nikaacha kuchochea. Mama akaacha mkono kwenye chuma.

"Ni mkamwana wangu," akajibu Bibi. "Mwache. Yuko kwake."

Mama aligeuza mkate taratibu, na nikaona machozi yake yanadondoka juu ya chuma cha moto, yanachemka na kupotea.